Ekra ya Vieux Donat na Herufi Zenye Ndevu

Kabla hamjasoma mbali, mnisamehe mwandiko. Naandika kwa mkono, na mkono wangu unakwenda polepole kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa hadi mdomoni. Makosa ya tahajia mtayakuta. Niliishia darasa la sita la msingi, na mengine yote nilijifunza kwa kunakili barua za watu. Rafiki yangu Régine, anayewafundisha mashine kwenye kozi ya parokia, aliniomba nije niseme mbele yenu. Nilikataa, kwa sababu mbele ya watu kumi sauti yangu inakauka. Akasema basi niandike. Daftari hili limenichukua wiki tatu.

Naitwa Solange. Nina miaka ishirini na saba na kazi yangu imekwisha, kwa hiyo niiteni mstaafu mkitaka, ila msicheke kwa nguvu. Miaka tisa nilipiga mashine katika sekretaria moja ya Katuba, karibu na ofisi ya komini, yaani serikali ya eneo letu. Hizo ni zile nyumba ndogo ambako watu wanakuja kupigiwa barua, maombi ya kazi, vyeti na programu za ndoa. Nyumba yetu ilifungwa mwaka jana. Sasa watu wanaandika kwa kidole gumba kwenye simu, na mimi nauza vitambaa pamoja na mama yangu.

Sababu ya kuandika ni hii. Régine aliniambia kwamba mnaketi mbele ya ekra, yaani vioo vya kompyuta, ambazo herufi zake zimechoka, mnakunja uso, mnasogeza pua mpaka inagusa kioo, na akiwauliza mnajibu, "Iko tu vile." Hilo neno linanipandisha damu. Haiko tu vile. Kuna mtu aliiacha hivyo, na kuna mtu mwingine anayeona na kunyamaza. Mimi nilikuwa huyo wa pili, na kidogo mzee mmoja apoteze kiti chake kwa sababu yangu.

Kwanza mjue desturi ya kazi yetu. Karatasi na wino ni ghali, kwa hiyo hatukutoa karatasi ya kujaribu. Mteja aliketi kwenye kigoda kando yako. Ukimaliza kupiga, ulimgeuzia ekra kidogo na kumwambia, "Soma, papa." Alisoma palepale kwenye kioo. Akisema "iko bien", yaani iko sawa, unatoa karatasi, na kuanzia hapo kosa ni lake. Ni sheria nzuri, lakini ilisahau jambo moja: mtu mzima hapendi kukiri mbele ya msichana kwamba haoni.

Papa mmoja, mlinzi wa upande wa Luano, aliniagiza ombi la likizo. Nilipiga, nikamwambia asome. Akaegemea mbele, akatikisa kichwa mstari kwa mstari, akasema, "Iko bien, mwanangu. Hata virgule iko fasi yake."

Nikatazama huo mkato aliousifu. Nilikuwa sijafungua ombi lake. Kwenye ekra kulikuwa na programu ya ndoa ya watu wengine, pamoja na wimbo wa kuingilia.

"Papa, hii ni ndoa."

"Ndoa pia iko bien," akasema.

Nilicheka siku nzima. Sikucheka tena jambo lilelile lilipomfikia Vieux Donat.

Vieux Donat, yaani Mzee Donat kwa Kifaransa chetu, ndiye aliyenifundisha kazi. Baba yake alitoka kaskazini mwa Katanga akifuata kazi ya reli, na yeye mwenyewe alipiga mashine za chuma katika ofisi za reli mpaka walipopunguza watu. Nilipomkuta alikuwa amepita miaka sitini. Mke wake alikuwa na ugonjwa wa miguu, hakuweza tena kwenda soko, na kiti chake cha karibu na mlango wa sekretaria ndicho kilichowalisha wote wawili.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulifundisha. Alinizoesha kupitisha kidole chini ya kila mstari kwenye kioo, hata ekra zetu zikawa na alama za mafuta kama meza ya mgahawa. Alinizoesha kusoma majina kutoka mwisho kwenda mwanzo. "Macho inapenda mbio," alikuwa akisema. "Inaona mwanzo ya jina, inajitungia mwisho. Weye uifunge kamba." Na alinikataza kusahihisha nikiwa na njaa. Hilo nalifuata hadi leo, hata ninapopima vitambaa.

Mwenye nyumba alikuwa Papa Muhindo, mfanyabiashara wa Butembo mwenye malori yanayokwenda Mokambo, mpakani. Sekretaria kwake ilikuwa kitu kidogo, alikuja mara moja kwa wiki kama mtu anayekagua kuku. Siku moja alileta ekra tatu pana, za mkono wa pili, kutoka ofisi iliyokuwa imefungwa. Alileta pia teknisien wa kuziunga. Huyo kijana alikuwa na diploma na saa kubwa ya mkononi. Aliunga nyaya, akaona herufi ni ndogo, akarudisha kipimo cha zile ekra za zamani za mraba ili herufi ziwe kubwa. Dakika kumi, akaondoka.

Hapa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wote wanakosea, hata wenye saa kubwa. Ekra ya siku hizi imetengenezwa kwa nukta ndogo sana, na idadi yake haibadiliki. Kila ekra ina kipimo chake cha kuzaliwa, ndiyo hiyo idadi ya nukta. Ukiilazimisha kuonyesha kipimo kingine, inavuta picha kama shati la mtoto kwenye mwili wa mtu mzima. Herufi zinakuwa kubwa, ndiyo, lakini kingo zake zinayeyuka. Ukitaka herufi kubwa, acha kipimo cha ekra kama kilivyo, nenda mahali pengine kwenye mpangilio ambapo panaongeza ukubwa wa maandishi peke yake. Ni sehemu mbili tofauti. Nimelieleza hili kwa watu wengi, na kila mmoja aliniambia "nimeelewa", kisha akabofya palepale pabaya.

Kuna jambo la pili, ambalo tulizoea kuliita lissage. Ni kulainisha herufi. Mashine inapaka kivuli chembamba pembeni mwa kila herufi, ili jicho lione mstari uliotulia badala ya ngazi ngazi. Lissage ikipangwa vizuri, huioni kabisa. Ikipangwa vibaya, kila herufi inaota ndevu, na nyingine zinakuwa na rangi nyekundu au buluu pembeni kama nguo iliyochuja.

Na msinichoshe na habari ya karatasi. Lissage ni ya kioo tu. Mwalimu mmoja alinisumbua asubuhi nzima nimpangie lissage nzito ili barua yake itoke nyeusi zaidi. Nikamwambia, papa, karatasi haijui ekra inafanya nini. Akasema mimi ni mvivu.

Narudi kwa Vieux. Wiki tatu baada ya ekra mpya, karatasi zake mbili zilirudishwa na komini. Cheti kimoja kilikuwa na mwaka usio wa kweli. Kingine kilikuwa na nambari ya nyumba ambayo haipo. Wateja wote wawili walikuwa wamesema "iko bien", lakini walirudi wakipiga meza. Papa Muhindo akaja, akasimama mlangoni.

"Vieux, nakuheshimu. Lakini macho yako imeisha. Umalize huu mwezi, kisha upumzike."

"Macho yangu inaona musalaba wa kanisa toka hapa."

"Musalaba haupigwe ku mashine, Vieux."

Kuanzia siku hiyo kila mtu akawa daktari. Mama wa maandazi wa jirani alimletea karoti. Mteja mmoja alimwandikia jina la mchungaji. Mwingine alimwuliza kama nyumbani hakuna mtu anayemwonea wivu. Vieux akanunua miwani sokoni, akanunua na nyingine, mwishoni akawa anavaa mbili pamoja, moja juu ya nyingine. Niliona hayo yote. Hakuna hata mmoja aliyetazama ekra. Hata sasa nikikumbuka zile karoti nakasirika.

Lakini mimi nilijua. Mchana mmoja nilikaa kwenye kiti chake kula, kwa sababu pembe yangu ya ndani ilikuwa na joto. Nikiwa natafuna nilitazama kioo chake na nikaona ndevu. Ekra yangu pia ilikuwa na ndevu, ila nilikuwa kijana, nilikuwa kwenye giza, na maumivu ya kichwa nilifikiri ni ya joto. Kwake mwanga wa mlango ulipiga kioo moja kwa moja, na hapo herufi ziliyeyuka kama sabuni.

Sikusema. Nilijiambia: wewe wa darasa la sita, utamkosoa mwenye diploma? Nilijiambia nitasema kesho. Nilisema hivyo wiki mbili, na mwezi ulikuwa ukiisha.

Kisha nikafanya kosa baya kuliko kunyamaza. Mchana mmoja Vieux alitoka kwenda kumnunulia mke wake dawa. Nilifungua sehemu ya kutafuta kwenye mashine yake, nikaandika ClearType kama nilivyoona kwa mtu wa cyber, na ukurasa wa lissage ukafunguka. Ule ukurasa unakuonyesha visanduku vyenye maandishi yaleyale, kila kimoja kimelainishwa kwa namna yake, na unakuomba ubofye unachokiona vizuri zaidi. Nilibofya nikiwa nimesimama, harakaharaka, jicho moja mlangoni. Kila mara nilichagua herufi nene kuliko zote, kwa kuwa nilifikiri nene ni wazi. Kipimo cha ekra sikukigusa.

Vieux akarudi, akaketi, akaanza kupiga. Akasimama. Akavua miwani ya juu, akaifuta. Akavua na ya chini, akaifuta pia. Herufi nene zilikuwa zimeziba matumbo, e ikafanana na c, a ikawa doa. Mzee alifikiri macho yake yamekufa kipande kingine katika saa moja ya chakula. Alimrudisha mteja wa mwisho, akamwambia aje kwangu.

Nilimpigia yule mteja barua yake. Nilimpigia vizuri sana, bila kuinua kichwa.

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla yake, ili nisipate nafasi ya kukimbia.

"Vieux, jana ni mimi niligusa ekra yako."

"Uligusa nini?"

"Namna ya herufi. Nilitaka ikuwe bien. Ikaharibika."

Akaweka mfuko wake chini polepole. "Kumbe haikuwa macho?"

"Haikuwa macho."

"Na mbele ya jana, hizi wiki zote?"

"Mbele ya jana ilikuwa teknisien."

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Wiki mbili."

Alinitazama mpaka nikaangalia miguu yangu. "Kinywa yako," akasema, "Mungu alikupatia ya kukula tu?" Halafu akavuta kigoda cha wateja kando ya kiti chake. "Ikala hapa. Tengeneza."

Tukaanza na kipimo cha kuzaliwa. Niliporudisha, herufi zikawa ndogo kama siafu, na Vieux akashika kichwa. Nikaongeza ukubwa wa maandishi pale panapostahili, zikarudi kubwa, na nusu ya ndevu zikaanguka. Nilidhani kazi imekwisha. Kazi ilikuwa haijaanza.

Nilifungua ukurasa wa lissage. Vieux akaweka kidole kwenye kioo, chini ya mstari wa kwanza wa kisanduku cha kwanza, akaanza kusoma. Alisoma mpaka mwisho. Akasoma cha pili. Akasema, "Ni moja. Hakuna kosa."

"Vieux, haiulize kosa."

"Basi inauliza nini? Banakuonyesha maandiko mbili, njo ya kulinganisha."

Mnaelewa? Maisha yake yote, ukimwekea mtu wa kazi hiyo karatasi mbili mbele yake, maana yake ni moja tu: tafuta tofauti ya maneno. Nikamweleza. Akasema ameelewa. Ukurasa uliofuata ulikuwa na visanduku zaidi, na mzee akasoma vyote, neno kwa neno, kidole chini, wateja wawili wanasubiri mlangoni. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Huyu muntu aliandika kintu moja mara mingi hivi. Eko na kazi?"

"Bofya ile unaona muzuri, Vieux."

Akabofya ya kwanza. Ukurasa uliofuata, ya kwanza tena. Nikamwuliza kwa nini kila mara ya kwanza. Akanishangaa. "Ya kwanza njo orijinali. Ile ingine ni kopi."

Nilitaka kulia. Mimi nisiye na sauti nilisikia sauti yangu ikipanda: "Vieux, usisome. Angalia kama unachagua tomate ku soko. Tomate hausomake."

"Tomate haina virgule," akasema.

Mteja mmoja mlangoni akacheka. Vieux naye akacheka, kwa shida. Hapo ndipo nikapata njia, nawapa bure. Nilichukua kipande cha katoni ya sukari, nikakitoboa tundu la upana wa maneno mawili. Nikakiweka juu ya kioo ili maandishi mengine yafichike. Maneno mawili hayana habari ya kusoma. Nikakihamisha kisanduku hadi kisanduku, namwuliza: "Mguu ya i iko namna gani? Tumbo ya e iko wazi ao iliziba?"

"Iliziba."

"Na hapa?"

"Iko wazi. Lakini iko na rangi pembeni."

"Na hapa?"

Akasogea nyuma, badala ya kusogea mbele. "Hapa," akasema, "ni kama mashine yangu ya reli, siku nilibadilisha riboni ya wino."

Tukabofya hapo. Kurasa zilizobaki zilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Kwa hiyo kumbukeni: achague yule atakayefanyia kazi ile ekra, akiwa kwenye kiti chake, amevaa miwani yake moja, mlango ukiwa wazi kama siku zote. Usimchagulie mtu mwingine ukiwa umesimama nyuma yake. Na kilicho bora si kile chenye herufi nene. Ni kile ambacho jicho likikiona, shingo inarudi nyuma yenyewe.

Siku tatu kabla ya mwezi kuisha Papa Muhindo alikuja na kurasa tatu za orodha ya mizigo ya Mokambo, zimeandikwa kwa mkono wake, na mkono wake ni mbaya kuliko huu wangu. Hakuzileta kwangu. Aliziweka mbele ya Vieux, akaketi kwenye kigoda, mikono kifuani. Nilijua ni mtihani. Vieux pia alijua. Nilipiga barua ya mtu fulani bila kusikia alichokuwa akiniambia.

Vieux alipiga kurasa zote tatu. Akapitisha kidole, mstari kwa mstari. Kisha akageuza ekra. "Soma, Papa Muhindo."

Papa Muhindo alisoma kwa muda mrefu. "Iko bien," akasema.

"Haiko bien. Ukurasa ya pili, uliandika nambari ya lori moja mara mbili. Nilipiga vile uliandika. Ku mpaka wataishika."

Papa Muhindo akachukua karatasi yake, akaitazama, akatazama ekra. Aligusa kioo kwa ukucha, kana kwamba alitaka kujua kina nini ndani.

"Macho ilipona?"

"Macho haikugonjwa. Ekra yako ilipangwa mubaya."

"Na juu ya nini hamukuniambia?"

Vieux hakunitazama. Nitamshukuru kwa hilo siku zote. "Tulikuwa tunakula karoti," akasema.

Alibaki kwenye kiti chake mpaka nyumba ilipofungwa. Teknisien hakuitwa tena. Ekra nyingine mbili nilizipanga mwenyewe, na nikiwa nazipanga niligundua kwamba kichwa changu hakikuwa kikiuma kwa joto.

Miezi mingi baadaye, tukiwa tunafunga mlango, Vieux aliniambia jambo ambalo sikumwuliza. Alisema mchana ule nilipoharibu herufi zake, alirudi nyumbani kwa miguu, akizunguka njia ndefu, akitafuta maneno ya kumwambia mke wake kwamba hawezi tena kumlisha. Alifika maneno yakiwa tayari. Alimkuta amelala, ndiyo maana hakuyasema. "Kama angekuwa macho," akasema, "asubuhi nisingerudi ku kazi. Na weye ungekuya na maneno yako, ungekuta kiti mutupu."

Hakusema kwa hasira. Aliniambia kama mtu anayekuonyesha mstari wenye kosa.

Nimeacha kurasa kumi tupu nyuma ya daftari hili. Andikeni humo, Régine ataniletea. Sitaki mniandikie kwamba nimewafundisha vizuri. Niandikieni ni nani anayeketi karibu nanyi na kukunja uso, mmeona nini kwenye ekra yake, na mmekaa siku ngapi bila kumwambia. Kama bado hamjamwambia, mwambieni kwanza, ndipo mniandikie.